Jinsi nilivyopata majibu ya barua za kuomba field

Mwaka wa pili chuoni, barua zangu za kuomba field, yaani mafunzo kwa vitendo, zilipokelewa, zikagongwa mhuri, kisha kimya. Muundo ulikuwa uleule wa sekondari: anwani kulia, tarehe, "YAH: OMBI LA NAFASI", halafu "Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu."

Aliyenifungua macho ni mama mmoja wa masijala. Alinieleza kwamba barua ikifika husoma kichwa kwanza, ili ajue iingie jalada gani na iende kwa ofisa gani. "Ombi la nafasi" laweza kuwa la ajira, la uhamisho, hata la kufungua kibanda cha chakula getini.

Nikaandika upya: "YAH: OMBI LA MAFUNZO KWA VITENDO, IDARA YA UHASIBU, JULAI HADI SEPTEMBA". Ile "Husika na..." niliibakiza, ofisi za serikali zimeizoea, sioni faida ya kugombana nayo. Ila sentensi iliyofuata ilibeba kila kitu: kozi, mwaka wa masomo, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Aya ya pili ikataja kazi ninayoiweza, kama kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. "Taasisi yako tukufu" nikaifuta. Namba ya simu chini ya jina, barua ya utambulisho ya chuo nyuma.

Kwenye barua pepe nilibadili jina la faili tu: jina langu na kozi, badala ya "barua mpya 2".

Jibu la kwanza lilikuja kwa simu: naweza kuripoti Jumatatu?