Siku 90 za Mwaka wa Mwisho

Mwaka niliokusudia kuomba uraia wa Uingereza ndio mwaka ambao mkuu wa idara yetu aliniita na kunieleza kwamba kuna mradi ng'ambo unaohitaji msimamizi kwa miezi 4 mfululizo, na kwamba jina langu ndilo lililopendekezwa. Wakati mwingine wowote ningeshukuru na kuanza kufunga virago. Siku hiyo nilimwomba anivumilie hadi kesho yake, nikarudi mezani kwangu na kufungua jedwali la safari zangu.

Kwa anayeomba kwa njia ya kawaida ya miaka 5, inatakiwa asiwe nje ya nchi kwa zaidi ya siku 450 katika kipindi hicho chote, wala zaidi ya siku 90 katika miezi 12 ya mwisho. Kikomo cha kwanza hakikunitisha. Cha pili ndicho kilichonikaba, kwa sababu mradi ule peke yake ungekivuka. Ni kweli kwamba maofisa wanaweza kusamehe ziada, lakini sikutaka maombi yangu yategemee hisani ya mtu nisiyemjua, hasa kwa kuwa anayekataliwa hupoteza sehemu kubwa ya ada aliyolipa.

Kilichonipa nafuu ni kwamba siku ya kuondoka na siku ya kurudi hazihesabiwi kuwa za kutokuwepo. Anayeondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Ijumaa usiku huandikiwa siku 3 tu, ilhali anayebaki huko wiki nzima, akipumzika hotelini Jumamosi na Jumapili, huandikiwa zote 7. Kesho yake nilimwekea mkuu mpango wenye sehemu mbili mezani: mwenzangu akae huko moja kwa moja, nami niende na kurudi kila baada ya wiki moja.

“Yaani unarudi ili Serikali ikuone?” aliniuliza, nusu akicheka.

Nilimjibu kwamba kodi niliyolipa na nyumba niliyopanga haziingii katika hesabu ile. Kinachohesabiwa ni mwili ulikuwa upande gani wa mpaka. Binafsi siioni kanuni hiyo kuwa ya kionevu, ingawa imeandikwa kana kwamba kazi zote hufanyiwa mahali pamoja. Alikubali, japo nauli zilimfanya akune kichwa.

Lilibaki suala la tarehe. Mwombaji sharti awe alikuwepo nchini siku ileile, miaka 5 kamili kabla ya maombi yake kupokelewa, na tarehe niliyoipendelea iliangukia katikati ya safari ya zamani. Katika pasipoti, mihuri ya safari hiyo ilikuwa imegongwa mmoja juu ya mwingine, wa kurudi ukiwa umefifia kiasi kwamba sikuweza kutofautisha 3 na 8. Nilipekua barua pepe hadi nikaipata tiketi, kisha nikasogeza maombi mbele hadi siku ambayo sikuwa na shaka nayo.

Baada ya kuyatuma na kutoa alama za vidole, nilimwarifu mkuu kwamba sasa ningeweza kwenda na kukaa, kwa kuwa safari zinazofuata kupokelewa kwa maombi haziingizwi tena katika hesabu. Mradi ulikuwa umebakiza wiki chache, na mwenzangu alikuwa ameomba likizo.