Nilivyonunua dhahabu ya soko la Nairobi nikiwa Busia

Mimi ni mama wa dagaa hapa Busia, Uganda, mpakani na Kenya. Nanunua mwaloni Majanji, nakausha, navusha magunia upande wa Kenya na kulipwa kwa shilingi za huko. Kwetu dhahabu inachimbwa Tiira, watu wanaikamata kwa zebaki ndani ya mabeseni, basi kila mtu Busia ni mtaalamu wa dhahabu. Nilipotangaza kwamba nataka kuweka akiba yangu humo, wote waliniambia neno moja: nunua ya kushika mkononi. Mjomba ndiye aliyeshikilia zaidi. "Mwanangu, dhahabu ya karatasi si dhahabu," akimaanisha ile unayoimiliki kwa maandishi tu bila kuishika.

Nilimsikiliza, na nusura milioni tatu na laki sita ziende.

Kijana mmoja aliletwa na jirani. Alikuwa na gramu 20 za unga wa dhahabu, akitaka shilingi 180,000 kwa gramu. Wakati huo, mwaka 2024, aunsi moja duniani ilikuwa kama dola 2,300. Ukigawa kwa 31.1, ambazo ndizo gramu za aunsi ya dhahabu, unapata dola 74 hivi kwa gramu, yaani karibu shilingi 280,000 zetu. Kwa nini mtu aniachie laki nzima kwa kila gramu? Akasema ana mgonjwa. Kabla hajauonyesha mzigo wenyewe alishaniomba laki tatu za mafuta ya pikipiki na "karatasi za mgodi". Nikatoa, na hizo hazikurudi hadi leo.

Aliyeniokoa ni binti yangu wa sekondari. Alichukua bomba la sindano la mililita 10 kutoka duka la dawa, akachomoa kisukumio, akaziba tundu la mbele kwa kuliyeyusha juu ya mshumaa. Akatia maji hadi mstari wa 5. Akaniambia: "Mama, dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji. Gramu 20 zikiwa safi, maji yatapanda mililita moja na kitu kidogo. Ya mgodini ina uchafu, tuseme moja na robo. Yakipanda zaidi ya hapo, usitoe hela." Nikaenda na bomba langu kwenye mkoba. Kijana alipima unga kwenye mizani yake, ikasoma 20 kamili. Nikaumimina taratibu, nikagonga bomba kwa ukucha ili mapovu yatoke, kisha nikaliinua usawa wa macho. Maji yalisimama juu ya 7. Yalikuwa yamepanda mililita mbili na zaidi. Hiyo ni shaba iliyosagwa, wala sikuhitaji kuambiwa. Nilifunga mkoba nikaondoka, na kijana hakunifuata hata kwa neno moja.

Ndipo nikageukia hiyo inayoitwa karatasi. Wengine walinielekeza Marekani, kwenye ETF kubwa za dhahabu, yaani mifuko inayoweka dhahabu ghalani na kuuza vipande vyake kwenye soko la hisa. Ni nzuri, ila kutuma dola kutoka hapa na kufungua akaunti ng'ambo kungenigharimu kuliko faida ya mtaji wangu mdogo. Mbona hela yangu tayari ni ya Kenya? Soko la hisa la Nairobi lina NewGold, ETF ya dhahabu ya Absa ya Afrika Kusini. Imeorodheshwa Johannesburg tangu 2004, na Nairobi iliingia Machi 2017, ya kwanza ya aina yake ukanda huu. Dhahabu yenyewe ni matofali halisi yaliyofungiwa kwenye ghala London. Kipande kimoja cha mfuko unachonunua kilianza kikiwa moja ya mia ya aunsi, na kinapungua kidogo kidogo kila mwaka kwa sababu gharama za mfuko hukatwa humo humo kwenye dhahabu. Nikavuka mpaka na kitambulisho na picha, dalali wa hisa akanifungulia akaunti ya CDS, ile inayotunza hisa zako kwa kompyuta.

Sasa sikilizeni sehemu iliyoniudhi. Dada aliyeshughulikia oda yangu aliniambia, "Mama, weka tu bei ya soko, usijisumbue," yaani nilipe chochote anachodai muuzaji aliyepo. Nikamwuliza muuzaji anataka ngapi. Shilingi 3,150 za Kenya kwa kipande. Ya mwisho kuuzwa lini? Ikaonekana siku kadhaa nyuma. Mimi nauza dagaa. Siku ambayo kuna gunia moja tu sokoni, mwenye gunia anasema bei anayotaka. NewGold pale Nairobi haiuzwi kila saa kama hisa za Safaricom, kwa hiyo bei uliyoikuta kwenye skrini inaweza kuwa ya mtu mmoja mwenye tamaa.

Nilichofanya ni kuangalia bei ya NewGold hiyo hiyo kule Johannesburg, ambako inauzwa kila siku. Mara ya kwanza niliona 40,000 nikashtuka, kumbe Johannesburg huandika bei kwa senti. Ni randi 400. Randi moja wakati ule ilikuwa kama shilingi 7 za Kenya, hivyo kipande kilistahili 2,800. Halafu niambiwe nilipe 3,150! Nikasema, "Binti yangu, niandikie vipande 20 kwa 2,850, shilingi isizidi hata moja." Oda ikakaa. Wiki ya kwanza kimya. Muda wake ukaisha, nikaiweka upya. Mjomba akaniambia nimetapeliwa mara ya pili. Siku ya kumi na sita ujumbe ukaingia kwamba nimepata 7, na siku mbili baadaye 13 zilizobaki. Kamisheni ya dalali ipo, ihesabuni kabla.

Kuuza nako ni hivyo hivyo. Karo ya muhula wa kwanza hapa Uganda hudaiwa mwanzoni mwa Februari, kwa hiyo mapema Januari 2025 niliweka oda ya kuuza vipande 6 kwa 3,150. Vilichukuliwa baada ya siku tisa, na hela huja siku tatu za kazi baada ya hapo. Ningengoja hadi wiki ya kufungua shule, mtoto angerudishwa getini. Hela ya hospitali ya ghafla msiiweke humu hata mkibembelezwa. Yangu iko kwenye simu.

Vile 14 vimebaki. Machi mwaka huo huo aunsi ilivuka dola 3,000, Oktoba ikavuka 4,000, na sikuvigusa. Kwa kuwa hakuna kitu chini ya godoro ambacho watoto wangekikuta siku nisipokuwepo, namba ya akaunti ya CDS na simu ya dalali nimeziandika nyuma ya daftari la dagaa, na binti yangu nimemwonyesha ukurasa.