Bamba likitetemeshwa linakuwa laini
Jamani, leo maabara nimefurahi! Tunasukuma bamba la alumini kwenye kalibu liwe kikombe. Kwa kawaida likizidiwa linachanika karibu na kitako. Safari hii kalibu ikatetemeshwa mara 20,000 kwa sekunde, sauti ambayo wengi wetu hatuisikii. Mashine ikasukuma kwa nguvu ndogo zaidi, kikombe kikatoka kizima. Msuguano unapungua, sawa, lakini kinachonivutia ni metali yenyewe kulegea: watafiti Blaha na Langenecker walilionyesha hilo kwa zinki mwaka 1955. Wenye viwanda vya magari wasubiri kwanza, maana kutetemesha kalibu ya mlango mzima, yenye uzito wa tani kadhaa, si mchezo. Vikombe vidogo? Nileteeni hata kesho.