Jinsi nilivyopata leseni ya udalali wa nyumba Ireland bila kuacha kazi
Nchini Ireland, chini ya sheria ya mwaka 2011, kila anayeuza, kupangisha au kusimamia majengo kwa niaba ya wengine lazima awe na leseni ya PSRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti huduma za majengo na ardhi. Mimi nilikuwa karani katika ofisi ya udalali mjini Dublin, na masomo ya mchana yangeninyima mshahara niliotegemea kulipa pango.

Nilianza na orodha ya sifa za elimu zinazokubaliwa na mamlaka yenyewe, wala si matangazo ya vyuo, kwa sababu kozi isiyokubaliwa, hata ifundishwe vizuri namna gani, haimfikishi mtu kwenye leseni. Humo nikachagua kozi ya ngazi ya 6 katika mfumo wa sifa za elimu wa Ireland, iliyofundishwa jioni, kisha nikamwandikia mkuu wangu barua nikimwomba abadilishe zamu zangu wiki za mitihani tu. Alikubali upesi, na namshukuru mno.

Sheria ya ardhi ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko yote. Niliielewa nilipoanza kuhusisha kila somo na kazi niliyoifanya mchana ule. Nilipohitimu niliomba daraja B, la kuuza na kununua, pamoja na C, la kupangisha. Leseni hiyo huhuishwa kila mwaka.