Njia ya Gaza na Darasa la Kwanza

Wapendwa katika Bwana, somo letu la juma hili ni Matendo ya Mitume 8:26–40.

Filipo alikuwa Samaria na kazi yake ilikuwa imestawi: makutano walimsikiliza kwa moyo mmoja, wagonjwa waliponywa, na mji ule ulijaa furaha. Ndipo malaika wa Bwana akamwambia aondoke, ashike njia inayoteremka kutoka Yerusalemu kwenda Gaza, nayo ni njia ya jangwa. Hakuambiwa atakutana na nani wala atakaa huko muda gani, na Luka, mwandishi wa kitabu hiki, hasemi kwamba aliuliza.

Tangu nilipoacha kufundisha katika chuo cha ualimu hapa Bukavu na kuomba darasa la kwanza katika shule ya msingi huko Kadutu, wengi wenu mmeniuliza kwa upole kama nimeshushwa cheo. Sikushushwa. Mshahara umepungua, hilo ni kweli, na sitalifunika kwa maneno ya kiroho.

Siamini kwamba kila anayehama kazi amesikia malaika. Wengine hukimbia wakubwa wao, kisha huuita ule mkimbio wito. Ndiyo maana naithamini habari inayotangulia somo letu: kabla Filipo hajaondoka, Petro na Yohana walikwisha kufika Samaria, wakawaombea waamini wapya na kuwawekea mikono. Filipo aliondoka kazi ikiwa mikononi mwa wengine. Mimi nami nilingoja hadi mitihani ikasahihishwa na kozi zangu zikapata mwalimu, kwa maana sioni utii wowote katika kuwaacha wanafunzi njiani.

Tukaze macho sasa kwenye lile gari la kukokotwa ambalo Filipo alilikuta njiani. Aliyeketi ndani, towashi mmoja, hakuwa mjinga. Alikuwa mwangalizi wa hazina yote ya Kandake, malkia wa Waethiopia, naye alikuwa akisoma chuo, yaani kitabu, cha nabii Isaya kwa sauti, hata Filipo akamsikia alipokaribia. Filipo hakumsifu kwa kusoma vizuri. Alimwuliza kama yale anayoyasoma yamemwelea, naye akajibu kwamba hawezi kuelewa mtu asipomwongoza.

Swali hilo ndilo lililonitoa chuoni. Niliwasikia vijana wakikariri notisi za kozi kwa Kifaransa, ukurasa baada ya ukurasa, bila kukosa neno, lakini ukiwaomba waeleze jambo lilelile kwa Kiswahili cha nyumbani walinyamaza. Walikuwa vijana wenye bidii, na sikuona sababu ya kuwalaumu. Walikuwa wamezoea hivyo tangu utoto, katika madarasa ambamo kutamka vizuri kulihesabiwa kuwa ndiko kusoma.

Leo madarasa hayo yamejaa zaidi, kwa kuwa tangu mwaka 2019 serikali ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, watoto wengi waliokuwa wakibaki nyumbani wameingia shuleni, nasi tunamshukuru Mungu ingawa madawati hayatoshi. Jumanne msichana mmoja alisimama ubaoni, akaweka kidole chini ya neno «maji», akasoma kwa sauti kubwa: ma, kisha ji. Nikamwuliza amesoma nini. Akarudia, ma-ji, ma-ji, kwa haraka zaidi, halafu akasita, akageuka kuitazama bidoni, yaani dumu la maji, ya njano iliyo karibu na mlango, akacheka na kusema, «Ya kunywa!»

Towashi alimsihi Filipo apande aketi pamoja naye, naye akapanda. Kisha, asema Luka, alianza kwa andiko lilo hilo, yaani pale pale ambapo msomaji alikuwa amekwama, katika habari ya yule aliyepelekwa kama kondoo machinjoni, na kutoka hapo akamhubiri Yesu. Mahubiri ya Samaria, hata kama yalikuwa bora kiasi gani, hayakumfaa mtu huyu mmoja. Kwangu hilo ni gumu kuliko mshahara: notisi nilizoziandaa kwa miaka mingi hazina kazi mbele ya mtoto ambaye bado anatafuta tofauti kati ya b na d.

Juma hili someni sura ya 8 yote, kuanzia mateso yaliyowatawanya waamini hadi Filipo anapoonekana Azoto. Tuwaombee walimu waliobaki chuoni, kwa kuwa wanaowafundisha leo ndio watakaoingia kesho katika madarasa ya Kadutu na Bagira. Na Jumamosi, baada ya maombi ya asubuhi, nitahitaji watu wawili wenye mwandiko mzuri wa kunisaidia kuandika kadi za herufi.