Gari likizima kila tuta, kumbe waya wa betri

Wiki tatu gari lilikuwa likinizimikia ghafla nikitoka Malindi kwenda Gongoni. Fundi akabadilisha pampu ya mafuta. Pesa zikaenda, ugonjwa ukabaki. Kilichonizindua ni kifaa cha ramani nilichokuwa nikikicheka, maana barabara ya Garsen ni moja tu, utapotelea wapi? Betri yake ilishakufa, hula umeme wa gari. Kila tuta, kioo kinazima na kuwaka upya. Basi shida ni umeme!

Nikafungua boneti: kichwa cha waya wa negativu kimevaa unga wa kijani, hewa ya chumvi hiyo, na kinacheza kwa kidole. Nikakiosha kwa maji moto yenye magadi, nikapiga msasa, nikakaza kwa spana namba 10, nikapaka grisi. Mwezi sasa, halijazima.