Vizibo vya Njano

Juzi nakuna nazi, binti yangu akanishtukiza: "Mama, mtu asiyeongea anapataje rafiki?" Darasani kwao kaingia mtoto mwenye usonji, ile hali ya ubongo kukua tofauti inayoathiri kuongea na kuchangamana. Sikumjibu upesi. Mawazo yalishanirudisha kwenye kile kitengo chetu cha watoto wenye usonji nilikokuwa nafundisha, kwenye baraza la saruji, saa ya mapumziko.

Mwaka ule tulikuwa tumebadili mbinu. Siku zote tulimfundisha mtoto mwenye usonji peke yake: salimia, ngoja zamu yako. Akitoka nje anakuta wenzake hawajafundishwa lolote, wanamwita bubu na kumkimbia. Mwalimu mwenzangu akaja na habari za Pamela Wolfberg, Mmarekani aliyeanzisha vikundi vya kucheza vya watoto watatu hadi watano, wale waliozoea kucheza na wenzao wakiwa wengi kuliko wenye usonji, mtu mzima akiongoza bila kuutawala mchezo. Basi tukawafunda watoto wa darasa la tatu: usimvute mkono, usimsemeshe mfululizo. Kaa karibu, fanya anachofanya yeye, subiri.

Kijana wetu mmoja mwenye usonji alikuwa na vizibo vyake vya soda, anavipanga mstari. Akisogelewa, anavikusanya na kuhama. Siku moja binti mmoja wa darasa hilo la tatu akaja na vizibo vyake kwenye mfuko wa sketi, akachuchumaa pembeni, akaanza mstari wake. Hakumtazama. Wenzake wakamwita kwenye rede, akatikisa kichwa. Muda ukapita, mrefu kwa mtoto wa umri ule.

Kijana akanyoosha shingo. Mstari wa binti ulikuwa umechanganyika, vyekundu na vya njano. Akasogea kwa magoti, akachomoa cha njano, akakipeleka mwisho. Akachomoa kingine. Binti akaelewa papo hapo: akawa anamtolea vya njano kimoja kimoja, kiganja wazi, naye anavidokoa bila kumgusa mkono. Vilipokwisha, kijana akarudi kwenye mstari wake mwenyewe, ule asiotaka uguswe, akatwaa kizibo chekundu, akakiweka juu ya kile kiganja. Akasubiri.

Nilisimama pale na rejista kifuani, siwezi hata kumwita mwenzangu aje aone.

Yaliyofuata hayakunyooka. Kuna wiki kijana hakumtaka mtu. Mzazi mmoja alilalamika kwamba mwanawe anapoteza mapumziko. Lakini kulikuwa na jambo la kengele: yetu ilikuwa rimu ya lori, na mlio wake ulimtesa sana kijana. Ni binti yule, bila kuambiwa, aliyeanza kumchungulia kiranja wa kengele na kumpa kijana ishara mapema azibe masikio.

Hawakuwahi kuongea. Kijana hakuwahi kumwita kwa jina. Ila binti alipolazwa kwa malaria, kijana alikataa kutoka nje mpaka aliporudi. Mimi nauita urafiki. Mwenzangu alisema ni mazoea tu, na tulibishana hivyo hadi nilipohamishwa kituo.